Jua la kwenye lebo halijawahi kuwaka Dar

Jua la saa sita mchana Dar es Salaam ni kali, ni la bure, na halifai kupimia paneli ya sola. Nikisema hivi mbele ya mafundi hucheka, na siwalaumu. Mtu ameshinda juu ya bati tangu asubuhi, shingo imebabuka, kisha anatokea mtu wa maabara kumwambia kwamba jua hilo halifai!

Lakini jaribu mwenyewe. Chukua paneli moja, mita moja ya kupimia, na siku moja ya Februari. Saa tano unapata namba, dakika tano baadaye unapata nyingine. Wingu dogo likikaa pembeni mwa jua bila kulifunika, kingo zake huongeza mwanga, na kipimo kinaweza kuruka juu ya wati 1,200 kwa kila mita ya mraba kwa muda mfupi. Likisogea likalifunika jua, kinaporomoka hadi 300. Unyevu wa baharini, moshi wa mashamba yanayochomwa, vumbi la barabara inayojengwa, vyote vinakaa kati ya jua na paneli. Halafu mwenzako yuko Makambako, kwenye mwinuko na baridi, anapima paneli ya kiwanda kilekile na anapata zaidi yako. Nani mkweli? Wote wawili, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Muuzaji atashikilia namba ya Makambako, mnunuzi atashikilia ya Dar.

Ndiyo maana watu wa fani hii walikaa wakakubaliana juu ya jua moja la kupimia. Lina masharti matatu. Mwanga uwe wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Seli yenyewe, kile kipande cha paneli kinachogeuza mwanga kuwa umeme, siyo hewa inayoizunguka, iwe nyuzi 25 za Selsiasi. Na mchanganyiko wa rangi za mwanga huo ufuate jedwali maalumu linaloitwa AM1.5. Ukiona paneli imeandikwa wati 100, maana yake ni kwamba ilitoa wati 100 chini ya masharti hayo matatu kwa pamoja. Haikuahidi zaidi ya hapo.

Namba ya 1.5 ni hesabu ya hewa. Jua likiwa utosini, mwanga wake unapita unene mmoja wa angahewa. Likiinama nyuzi 48.2 kutoka utosini, njia inarefuka hadi mara moja na nusu, na hewa inapata nafasi ya kuipunguza buluu zaidi, huku mvuke wa maji ukinyonya sehemu fulani za miale ya joto tusiyoiona. Kwa nini ikachaguliwa 1.5 na siyo 1 au 2? Jedwali linalotumika leo, ambalo Wamarekani wanaliita ASTM G173 na dunia nzima inalikuta ndani ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60904-3, lilitungwa kwa kuangalia hali ya wastani ya majimbo 48 ya Marekani yanayopakana, paneli ikiwa imeinamishwa nyuzi 37. Kwa hiyo paneli iliyo juu ya paa Tandahimba ilipewa cheti chini ya jua la wastani wa Marekani. Sisemi kwa uchungu. Mahali fulani palipaswa kuchaguliwa, na waliokuwa na fedha za kupima ndio waliochagua.

Sasa angalia kama masharti hayo yanaweza kukutana Dar. Jua letu linapita kwenye pembe ya nyuzi 48.2 mara mbili kwa siku. Machi mwanzoni na Oktoba, linapopita karibu kabisa na utosi wetu, hiyo ni saa tatu hivi asubuhi na tisa na nusu hivi alasiri. Saa hizo paneli iliyolazwa kwenye paa la mwinamo mdogo inapata pungufu sana ya wati 1,000. Subiri saa sita na nusu, wati 1,000 zitapatikana, lakini jua limeshakuwa utosini na seli zimeshachemka. Sharti la joto ndilo linalochekesha kuliko yote. Kuna kipimo kingine kinachoeleza paneli inavyoishi juani: mwanga wa wati 800, hewa ya nyuzi 20, upepo wa mita 1 kwa sekunde. Paneli nyingi hapo seli zake hufika nyuzi 45 hivi, yaani nyuzi 25 juu ya hewa. Ongeza mwanga hadi 1,000 na tofauti inafika kama nyuzi 31. Basi ukitaka seli ibaki kwenye nyuzi 25 chini ya jua kamili, hewa inabidi iwe nyuzi 6 chini ya sifuri. Kibo kileleni labda, kama uko tayari kupanda na mita mkononi.

Kwenye bati la Mbagala, hewa ikiwa nyuzi 30, seli inakaribia 60. Silikoni ya kawaida hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, kwa hiyo paneli ya wati 100 inabaki na 86 hivi kabla hujahesabu vumbi na waya mwembamba. Aina mpya zimeshusha hasara hiyo hadi karibu asilimia 0.3, nazo zinabaki na 90 hivi.

Wapo wanaosema, basi lebo ni uongo na kila nchi ijiwekee jua lake. Siungi mkono. Jua la makubaliano linamkosea kila mtu kwa kiasi kinachojulikana, na kiasi kinachojulikana kinahesabika, kama nilivyohesabu hapo juu. Ukiwa na jua la Dar, la Nairobi na la Muscat kwenye lebo tatu tofauti, utashindwa hata kulinganisha paneli mbili zilizokaa kwenye duka moja.

Shida ni kwamba jua hilo la makubaliano halichomozi popote. Inabidi litengenezwe ndani ya chumba.

Kazi hiyo ilikua pamoja na safari za anga. Mwaka 1954 watafiti wa Bell Labs, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha seli ya silikoni iliyogeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Miaka minne baadaye setilaiti ya Vanguard 1 ikaruka na seli za sola mwilini. Huko juu hakuna hewa ya kupunguza chochote, jua ni wati 1,361 hivi kwa kila mita ya mraba, na ikigundulika kosa hakuna ngazi ya kupandia kwenda kulirekebisha. Lazima ujue kabla ya kurusha. Ndipo yakajengwa majumba kama lile la JPL, maabara ya safari za anga huko Pasadena, California, linalojulikana kwa jina la futi 25, ambamo chombo kizima kinawekwa kwenye ombwe na kumulikwa na taa za zenoni. Seli zenyewe zilikuwa zinapandishwa kwa maputo hadi kilomita 36 hivi, zipimwe juu ya sehemu kubwa ya hewa, kisha zirudishwe chini zikiwa na namba zao.

Sisi wengine tulianza na plaiwudi. Jua bandia la kwanza kulitumia kwa mikono yangu, katika maabara ya chuo, lilikuwa sanduku lenye safu za taa za halojeni, zilezile za kumulikia madirisha ya maduka, feni mbili, na chini ya taa beseni la kioo lililojaa maji. Wageni wakidhani maji yale ni ya kupooza. Kazi yake hasa ilikuwa kunyonya sehemu ya miale ya joto kabla haijafika kwenye seli, kwa sababu halojeni ni tajiri wa miale hiyo kupita kiasi. Uzi wake wa tungsteni unawaka kwenye kelvini 3,200 hivi, wakati uso wa jua uko karibu na 5,800. Mwanga wa jua una kilele chake karibu na nanomita 500, eneo la kijani. Wa halojeni kilele kiko karibu na 900, ambako jicho halioni kitu. Zaidi ya nusu ya nguvu ya taa hiyo iko mbali ng'ambo ya pale silikoni inapoweza kula.

Silikoni inakula mwanga kuanzia urujuanimno hadi nanomita 1,100 hivi. Kinachozidi hapo ama kinaipita ama kinaipasha moto bure. Seli ya silikoni ya amofasi, ile nyembamba ya rangi ya kahawia iliyokuwa kwenye paneli ndogo za zamani na hadi leo iko kwenye kikokotoo, inaishia 750 au 800. Weka hilo akilini, kwani ndilo linalofanya kazi hii iwe na mitego.

Weka chini ya halojeni pairanomita, kifaa chenye kuba la kioo kinachotumiwa na watu wa hali ya hewa. Kifaa hicho kinahesabu joto lote bila kubagua rangi. Ongeza umeme wa taa hadi kisome 1,000. Sasa toa kifaa, weka paneli ya silikoni. Itaonekana mbovu, kwa sababu sehemu kubwa ya zile wati 1,000 ni joto isilolijua. Rudia, lakini safari hii mwanga urekebishwe kwa kutumia seli ndogo ya silikoni yenye cheti, hadi seli hiyo itoe ampea zilezile ambazo ingetoa chini ya jua la makubaliano. Paneli ya silikoni itatoa namba inayoeleweka. Bila kugusa kitu kingine, itoe na uweke paneli ya amofasi. Itaonekana dhaifu kuliko ilivyo, maana taa imeishibisha ile seli yenye cheti kwa miale ya infraredi, ile ya joto, na amofasi haioni infraredi. Paneli zote mbili ni nzima, chumba kilekile, namba zinazogombana, na hakuna mtu aliyedanganya.

Maabara nzuri zinaifanyia hesabu tofauti hiyo ya rangi na kuirekebisha. Wanapima seli inavyoitikia kila rangi, wanapima taa inavyotoa kila rangi, wanalinganisha na jedwali la AM1.5, wanapata namba ya kusahihishia. Wanaoruka hatua hiyo kwa haraka au kwa makusudi ni wengi.

Kenya wanalijua jambo hili kwa gharama. Miaka ya 1990 paneli ndogo za amofasi za wati 12 hadi 14 zilienea vijijini, moja kwa kila nyumba, ikichaji betri ya gari ili kuwasha taa na televisheni ndogo. Soko hilo lilikua bila ruzuku na lilisifiwa duniani. Ila amofasi ina tabia nyingine iliyogunduliwa mwaka 1977 na David Staebler na Christopher Wronski: inapoanza kupigwa na mwanga inapungua nguvu, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 30, halafu inatulia. Kiwanda makini kinaandika wati za baada ya kutulia. Kiwanda kisichojali kinaandika za siku ya kwanza, na ukiipima dukani siku hiyo ya kwanza utaona lebo inasema kweli. Mwaka 2002 Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walichapisha uchunguzi wao wa soko hilo katika jarida la Energy Policy. Walichokiona kimenikaa kichwani. Chapa bora za amofasi zilifanya kazi vizuri, na kwa watu wa kipato kidogo zilikuwa chaguo la maana kabisa. Tatizo ni kwamba mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha na zile mbovu, kwa hiyo aliyetengeneza vizuri hakupata faida ya uzuri wake, na aliyetengeneza vibaya hakuadhibiwa. Miongoni mwa njia walizozijadili ni upimaji ndani ya nchi yenyewe, matokeo yake yakiwekwa wazi, na viwango vya lazima vikisaidiwa na upimaji wa msingi wa ndani.

Nasoma makala hiyo na kuona soko letu la leo. Amofasi imeondoka kwenye mapaa, silikoni ya fuwele imeshika kila kona, bei zimeanguka, na mnunuzi bado hana njia ya kutofautisha.

Turudi kwenye taa. Halojeni ni ya wanafunzi. Kwa miaka mingi taa yenye heshima ilikuwa zenoni, kwani mwanga wake unakaribia wa jua, isipokuwa kati ya nanomita 800 na 1,000 hivi ambako inatoa vilele vikali vinavyohitaji kuchujwa. Siku hizi taa za LED zimeingia kwa nguvu. Unapanga rangi nyingi tofauti, kila moja na swichi yake, unazichanganya hadi zifuate jedwali. Zinadumu, zinatulia, na unaweza kuziacha zikiwaka muda unaotaka. Binafsi nazipenda kwa sababu moja isiyo ya kisayansi: hazinichomi uso.

Kiwandani hawana muda wa kuacha taa ikiwaka. Paneli inafika kwenye chumba cheusi, inapigwa mmweko mmoja wa milisekunde 10 hivi, kompyuta inapitisha mzigo kutoka shoti, yaani waya mbili zimegusanishwa, hadi saketi wazi, yaani hazijaunganishwa na kitu, na mchoro mzima wa ampea kwa volti unapatikana kabla seli hazijapata nafasi ya kupata joto. Sharti la nyuzi 25 linatimizwa kwa wepesi tu, kwani chumba kiko nyuzi 25 na mwanga umeshaondoka. Kwenye mchoro huo ndiko kulikofichwa kila kitu: ampea za shoti upande mmoja, volti za saketi wazi upande wa pili, na katikati goti, mahali ambapo ampea zikizidishwa kwa volti zinatoa wati nyingi kuliko kwingine kote. Wati za kwenye lebo ni za pale gotini. Kuna muuzaji aliyewahi kunizidishia ampea za shoti kwa volti za saketi wazi mbele ya macho yangu, akapata wati nzuri sana. Paneli haifiki huko kamwe, kwa sababu ukipata volti zote ampea ni sifuri, na ukipata ampea zote volti ni sifuri.

Mmweko nao una mipaka yake. Seli za kisasa zenye ufanisi mkubwa zinahifadhi chaji kidogo ndani yake, na ukizipima kwa kasi mno, kupanda na kushuka kwenye mchoro kunatoa majibu mawili tofauti. Zinahitaji mmweko mrefu au hesabu ya ziada. Seli za perovskaiti, aina mpya isiyo ya silikoni, zilizoanza na ufanisi wa asilimia 3.8 mwaka 2009 na sasa zimepita 25, ndizo zenye vituko kuliko zote. Ndani yake ayoni zinatembea polepole, na jibu linategemea umeanzia volti ipi, umekwenda kwa kasi gani, na umeiwekaje kabla ya kuanza. Ukiongeza na ukweli kwamba nyingi hupimwa zikiwa na ukubwa mdogo kuliko ukucha, ambapo mwanga unaopenya pembeni unatosha kukuza namba, utaelewa kwa nini rekodi hazihesabiwi hadi maabara huru izipime. Martin Green wa Australia na wenzake wamekuwa wakichapisha majedwali ya rekodi hizo tangu 1993 kwa sharti hilohilo: hujipimi mwenyewe.

Ubora wa jua bandia unaandikwa kwa herufi tatu. Ya kwanza ni ya rangi, ya pili ni ya usawa wa mwanga juu ya eneo lote, ya tatu ni ya utulivu wa mwanga kwa muda. Mashine ya AAA inasikika kama ukamilifu. Isome vizuri. Kwenye rangi, daraja A linaruhusu kila ukanda kupungua au kuzidi kwa robo nzima, yaani kati ya mara 0.75 na 1.25 ya jedwali. Toleo la mwaka 2020 la kiwango hicho, IEC 60904-9, likaongeza A+ inayobana zaidi, 0.875 hadi 1.125. Usawa wa mwanga ndio unaobanwa sana, asilimia 2 kwa A na asilimia 1 kwa A+, na kuna sababu. Seli ndani ya paneli zimefungwa mfululizo, kwa hiyo ile inayopata mwanga mdogo kuliko zote ndiyo inayoamua ampea za zote. Katika sanduku langu la plaiwudi, taa zikiwa mita moja juu, kunyanyua seli sentimita moja tu kulibadilisha kipimo kwa kama asilimia 2. Hapo unaelewa kwa nini mtu analipa fedha nyingi kwa ajili ya lenzi.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague kati ya taa nzuri sana na seli ya rejea, ile ndogo ya kurekebishia mwanga, yenye cheti halali, nachukua seli. Taa zote hizo, hata za AAA, hazijui wati 1,000 ni kiasi gani hadi zisimamishwe mbele ya seli hiyo. Ni jiwe la kilo la mwenye mizani sokoni: mizani inaweza kung'aa namna gani, jiwe likiwa limechongwa, kila mteja anaibiwa kwa kiasi kilekile tangu asubuhi hadi jioni. Na jiwe hilo lina ukoo. Seli ya kiwandani ilipimwa dhidi ya seli ya maabara fulani, ambayo ilipimwa dhidi ya nyingine, hadi unafika kwenye maabara chache za juu kabisa: ile ya Golden, Colorado, iliyojulikana kwa miaka mingi kama NREL, PTB ya Ujerumani, AIST ya Japani, kituo cha Umoja wa Ulaya kilichoko Ispra, Italia. Kila ngazi unayoshuka unabeba mashaka kidogo zaidi. Juu kabisa ni asilimia 1 au chini yake, kiwandani ni 2 au 3. Asilimia 3 ya kontena zima la paneli ni fedha ya kusomesha mtoto.

Mafundi wengi wananiita mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki, na swali lao huwa moja: sasa mimi sina zenoni wala cheti cha Ispra, nifanyeje?

Anza na tepu. Mwanga ni wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri zilizoko sokoni zinageuza asilimia 20 hadi 23 hivi. Kwa hiyo mita ya mraba nzima ya paneli bora inatoa wati 200 na kidogo juu yake. Juzi mzee mmoja kutoka Kilosa aliniletea paneli iliyoandikwa wati 200. Tukaipima: sentimita 67 kwa 54. Hiyo ni mita za mraba 0.36.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hata ingetengenezwa kwa seli za asilimia 23 kutoka ukingo hadi ukingo, isingefika wati 85."

Akauliza kama inawezekana ni teknolojia mpya. Nikamjibu kwamba teknolojia hiyo ikipatikana, mwenye nayo hataiuza kwa bei ile pale aliponunua yeye. Alicheka, ila si kwa muda mrefu.

Baada ya tepu, tafuta paneli shahidi. Nunua moja ndogo ya chapa unayoiamini, yenye ampea za shoti zilizoandikwa wazi, na uitunze ndani, usiifunge kwenye paa. Siku ya kupima ilaze juani sambamba na ile unayoitilia shaka, pembe ileile, uso umefutwa. Pima ampea za shoti za zote mbili ndani ya dakika hiyohiyo, kwa klampu ya umeme wa DC au kwa mita ya kawaida ikiwa ampea hazizidi uwezo wa fyuzi yake. Ampea za shoti zinafuata mwanga karibu sawasawa, na joto haliziathiri sana. Shahidi akitoa asilimia 80 ya alichoandikiwa, basi mwanga wa wakati huo ni kama wati 800, na mwenzake naye anapaswa kutoa asilimia 80 ya lebo yake. Akitoa 50, una kesi. Wingu likipita linawapita wote wawili. Ni kazi ileile ya seli ya rejea, bila chumba cheusi, mradi zote mbili ziwe silikoni ya fuwele. Yale ya rangi niliyoyaeleza juu yanarudi ukichanganya aina.

Kipimo hiki hakikuonyeshi goti. Paneli yenye nyufa ndani au maungio mabovu inaweza kutoa ampea nzuri za shoti na volti nzuri za saketi wazi, kisha ikalala ukiipa mzigo. Mwenye uwezo aongeze mzigo wa kweli, mathalani pampu au betri iliyoshuka chaji, na alinganishe tena.

Kwa wanaonunua kwa wingi, ombeni orodha ya mmweko. Kila paneli ya kiwanda cha maana ina namba yake ya mfululizo, na kwa kila namba kuna rekodi ya siku ilipomulikwa: volti, ampea, wati za gotini, joto la seli. Namba hizo zinatofautiana kidogo, paneli hadi paneli, kwa sababu silikoni ni kitu cha asili na mashine nayo ina mtetemo wake. Moja 452.3, inayofuata 454.1, nyingine 451.8. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alinitumia orodha ya mzigo mzima wa paneli za wati 450, mamia ya mistari, akitaka nimwambie kama ni salama kulipa salio. Nikashuka ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mstari ulikuwa umeandikwa 450.00.

Nikampigia simu nikamuuliza kama ameona.

"Nimeona, mwalimu," akasema. "Huu mzigo ni safi, hakuna hata moja iliyopungua."